Moyo Unaosikia: Majibu ya Barua za Wasomaji

Barua za safari hii zimekuja na swali moja katika mavazi tofauti: nikimtegemea Mungu, nitumie akili yangu kiasi gani? Sulemani alipoambiwa aombe chochote (1 Wafalme 3), hakuomba ishara wala majibu ya papo kwa papo. Kiebrania cha mstari wa 9 kinasema aliomba "moyo unaosikia". Majibu yaliyo hapa chini tumeyapima kwa ombi hilo. Mistari tuliyonukuu inatoka kwenye tafsiri ya Biblia ya Kiswahili iitwayo Union Version.

Kila Januari naanza Mwanzo sura ya kwanza nikiwa na ari kubwa. Kufika Februari nimeacha. Miaka minne sasa. Je, mimi ni mvivu wa mambo ya Mungu?

Tuanze na hesabu, maana huenda si uvivu. Biblia yenye vitabu 66 ina sura 1,189. Ukitaka kuimaliza kwa mwaka, unasoma sura tatu kila siku na tano Jumapili. Kwa mwendo huo unafika Kutoka 25 katika wiki ya nne, na hapo masimulizi yanakatika. Kuanzia pale hadi Hesabu 10 ni sura 53, zaidi ya wiki mbili za vipimo vya mapazia, aina za sadaka, maradhi ya ngozi na hesabu ya makabila, na visa vichache tu katikati. Mtu anayesoma kwa kufuata hadithi lazima akwame hapo. Wewe umekwama mahali ambapo wengi hukwama, na kwa sababu ileile.

Mwaka huu badili njia. Agano Jipya lina sura 260. Mwaka una wiki 52, na 52 mara siku tano ni 260 kamili. Soma sura moja Jumatatu hadi Ijumaa. Jumamosi na Jumapili ni za kufidia zilizokuponyoka, na hizo siku mbili ndizo zitakazokuokoa, kwa sababu kinachoua ratiba za kusoma ni deni. Ukikosa siku tatu kwenye mpango wa sura tatu kwa siku, unaamka na sura tisa za kulipa, na siku ya nne hutaki hata kuiona Biblia. Anza na Luka kisha Matendo, maana ni kazi moja katika sehemu mbili. Sura ya wastani ukiisoma kwa sauti haizidi dakika tano au sita.

Kuwa na daftari dogo, na kila sura iandikie mistari mitatu tu: nani anasema na nani, neno gani linajirudia, na jambo moja la kufanya, lenye kitenzi na saa. Huo wa tatu ndio wenye kazi. "Nimpende jirani" hautoshi, hauna saa. Chukua Walawi 19:13, inayokataza ujira wa mwajiriwa kulala kwako hadi asubuhi. Mstari wa daftari unakuwa: "Kabla ya saa kumi na mbili jioni nimlipe fundi aliyemaliza jana." Jioni unaweza kujiuliza kama umeufanya au hukuufanya.

Na ndiyo, mfano huo tumeutoa Walawi makusudi. Siku ukirudi huko, usiingilie mlango wa sura ya 1. Soma 16, Siku ya Upatanisho, pamoja na Waebrania 9. Halafu 19, yenye pembe za shamba zinazoachiwa maskini, mizani ya haki, na "umpende jirani yako" katika mstari wa 18. Ukishaonja hizo mbili, zile za sadaka zinaanza kuwa na maana.

Nikipiga magoti, dakika tano tu maneno yameisha, na akili iko sokoni. Nifanyeje?

Maneno yanaisha kwa sababu unayatoa yote kwako mwenyewe. Mwaka 1535 kinyozi wa Martin Luther, kiongozi wa Matengenezo ya Kanisa kule Ujerumani, alimuuliza namna ya kuomba, naye akamwandikia ushauri ambao bado ni mzuri kuliko mwingi wa leo: chukua amri moja kati ya Amri Kumi, uisokote kwa nyuzi nne, yaani fundisho, shukrani, toba, ombi.

Njia hiyo inafaa hata kwenye Sala ya Bwana. Tuione kwa "Utupe leo riziki yetu". *Fundisho:* imesemwa leo, si mwaka mzima; na imesemwa yetu, si yangu. *Shukrani:* taja kitu ulichokula au kulipwa jana, kwa jina lake. *Toba:* ni wapi wiki hii ulishika kitu kwa ngumi kana kwamba hapatakuwa na kesho? *Ombi:* taja mtu mmoja ambaye "yetu" yake leo imepungua. Dakika tatu kwa kila uzi ni dakika kumi na mbili, na hujarudia neno. Luther aliongeza jambo ambalo watu wa ratiba hulisahau: ukiwa katikati ya uzi mmoja moyo ukawaka, acha mengine, baki hapo.

Kuhusu akili kutangatanga, weka karatasi kando. Likija "sijampigia mwenye nyumba", liandike, rudi. Likirudi mara ya tatu, acha kulifukuza, liombee. Mara nyingi ndilo ombi lenyewe lililokuwa linabisha hodi. Omba kwa kunong'ona badala ya kimoyomoyo. Hana naye midomo ilikuwa inachezacheza (1 Samweli 1:13), na sauti hata ndogo huifunga akili kamba. Simu ikae chumba kingine, na usisomee Biblia kwenye simu wakati huo. Na kama unaombea kitandani umejifunika, tatizo lako si la kiroho.

Mdogo wa mume wangu anachukua mkopo wa biashara na anataka niwe mdhamini kwa sababu nina mshahara. Mume wangu anasema "tumwachie Mungu". Nikikataa nitaonekana sina upendo. Je, Mkristo anaruhusiwa kukataa?

Dada, anaruhusiwa, na Mithali inataka afikirie kukataa kabla ya kukubali. Soma 6:1-5, 11:15, 17:18 na 22:26-27. Ni mambo machache yanayorudiwa mara nyingi hivyo katika kitabu hicho. Hiyo ya mwisho inauliza swali la chumbani kabisa: kama huna cha kulipa, kwa nini waje wakuondolee kitanda unachokilalia?

Kwanza ujue unasaini nini. Kudhamini si kushuhudia kwamba shemeji yako ni mtu mzuri. Ni kukubali kwamba siku akishindwa, deni ni lako. Mkopeshaji amekwisha kupima. Angeridhika na uwezo wa shemeji peke yake, asingekutafuta wewe. Saini yako ndiyo inayoziba pengo aliloliona.

Usijibu lolote kabla hujapata nakala ya mkataba, uende nayo nyumbani. Tafuta kiasi, riba na muda. Halafu tafuta kitu ambacho wengi hawakitafuti: je, dhamana yako inaishia kwenye mkopo huu, au inabeba pia faini za kuchelewa, gharama za kudai, na nyongeza ya mkopo atakayoichukua baadaye bila kukuambia? Sentensi hiyo huwa katikati ya karatasi, na ndiyo inayogeuza deni la mwaka mmoja kuwa la miaka. Kama lugha yake inakushinda, mpe mwanasheria au mtu wa mikopo aisome.

Kisha wewe na mume wako mkae na karatasi. Chukueni rejesho la mwezi, mlitoe kwenye mapato yenu kwa muda wote wa mkopo, kana kwamba shemeji ameacha kulipa mwezi wa pili. Kodi inabaki? Ada ya watoto? Matibabu? Kama vinabaki na nyote wawili mko radhi kupoteza fedha hiyo bila kinyongo, sainini, na mioyoni mwenu iandikeni kama zawadi tayari. Kama havibaki, jibu limepatikana, na "tumwachie Mungu" hakuwezi kulibadili. Kumwachia Mungu kitu alichokupa macho ya kukiona ni kukwepa tu.

Wengine watakutajia Paulo, aliyemwandikia Filemoni kuhusu mtumwa wake Onesimo: kama anadaiwa kitu, kiandike juu yangu, mimi nitalipa. Ni kweli. Ila tazama alichofanya: deni lilikuwa la wakati uliopita, na Paulo alijitolea kulilipa yeye, kwa mkono wake mwenyewe. Hakuahidi kwa ajili ya mauzo ya Onesimo ya mwakani. Hiyo ndiyo sura ya dhamana yenye usalama, deni lenye mwisho unaoonekana na mtu aliyekusudia kulipa.

Namna ya kukataa ni muhimu kama kukataa kwenyewe. Aseme mume wako, maana ni ndugu yake. Ukisema wewe, utabaki kuwa shemeji mbaya hata kama uamuzi ni wa wote wawili. Na aseme kwa ufupi: "Mdogo wangu, mimi na shemeji yako tumepiga hesabu. Hatutaweka saini. Tunaweza kukupa kiasi hiki, si mkopo, ni chako. Na Jumamosi njoo na daftari la biashara tulipitie pamoja." Kinachoharibu undugu mara nyingi si hapana, ni "tutaangalia" inayokaa wiki tatu huku mwenzako amekwisha kulipa pango la duka akikutegemea. Visingizio navyo ni vibaya, kwa sababu kila kisingizio kina dawa: ukisema mshahara umechelewa, atasubiri mshahara. Ndiyo yenu iwe ndiyo, hapana iwe hapana (Mathayo 5:37).

Kwa msomaji aliyekwisha kusaini, Mithali 6:3-5 inasema uende, ujinyenyekeze, usilale, ujiokoe kama paa mkononi mwa mwindaji. Kwa vitendo: omba salio kwa maandishi kutoka kwa mkopeshaji, si kwa mkopaji. Uliza kwa maandishi vilevile masharti ya kukutoa, kwa kawaida ni deni kupunguzwa hadi kiwango fulani au mdhamini mwingine kuingia. Makubaliano ya mdomo kati yako na mkopaji kwamba "umeshatoka" hayamfungi mkopeshaji hata kidogo.

Nikifunga naumwa kichwa na kugombana na kila mtu nyumbani. Je, kufunga kwangu kunapokelewa?

Kichwa kwanza. Kama wewe ni mnywaji wa kahawa au chai ya rangi, kinachokuuma siku ya kufunga huenda si njaa bali kukosa kafeini ghafla. Punguza kidogokidogo siku nne au tano kabla. Kunywa maji mchana kutwa. Mfungo wa siku tatu bila chakula wala maji, kama ule wa Esta (4:16), ulikuwa wa taifa lililohukumiwa kufa, si wa kila mwezi. Kama wewe ni mwanafunzi wa jambo hili, acha mlo mmoja kwa wiki kadhaa, kisha uende kutoka chakula cha jioni hadi chakula cha jioni cha siku inayofuata. Unaruka milo miwili tu na saa ni 24. Ukifungua, kula kidogo na chepesi, nusu ya ulivyozoea.

Wapo wasiopaswa kufunga chakula bila daktari kuruhusu: mwenye kisukari, hasa anayetumia dawa, mjamzito na anayenyonyesha, mwenye vidonda vya tumbo, anayemeza dawa zinazotaka chakula, aliyewahi kuugua ugonjwa wa kujinyima kula. Watoto pia wasifunge. Dawa haiachwi kwa sababu ya mfungo, kamwe. Ukiona kutetemeka, jasho baridi, macho kuingia giza au akili kuchanganyikiwa, fungua mara moja. Na mifungo ya siku nyingi isiyosimamiwa ina hatari ambayo watu hawaitarajii: hatari haiishi siku ya kufungua. Mwili uliokaa bila chakula ukilishwa ghafla kwa wingi, chumvi zake huvurugika, na moyo unaweza kusimama.

Danieli 10:2-3 inatupa njia nyingine kwa wote hao: wiki tatu hakula chakula kitamu, wala nyama, wala divai. Alikula, ila aliacha vya kupendeza. Mgonjwa anaweza kufanya hivyo na mfungo wake ukawa mfungo.

Sasa ugomvi. Isaya 58:4 inawataja watu waliofunga wapate "kushindana na kugombana", na Mungu anakataa mfungo huo waziwazi. Angalia mambo mawili. Je, ile nusu saa ya mlo ulioruka unaitumia kuomba, au unaendelea na kazi? Kama ni kazi, hujafunga, umechelewa kula tu, na mtu aliyechelewa kula ana hasira. La pili, mstari wa 7 unataka mkate umfikie mwenye njaa. Gharama ya mlo uliouacha itenge siku hiyohiyo na umpe mtu. Ukijua chakula chako kiko tumboni mwa mwingine, njaa inakuwa na uso, na ni vigumu kidogo kumfokea mtu kwa sababu yake.

Nimepata kazi yenye mshahara mkubwa, lakini ni zamu za Jumapili. Nimemwomba Mungu ishara kama Gideoni mara mbili, majibu yanagongana. Moyoni nina amani ya kuikubali. Je, amani hiyo ni jibu?

Gideoni alipotandaza ngozi ya kondoo (Waamuzi 6:36-40), alikuwa amekwisha kuambiwa la kufanya tangu mstari wa 14. Ngozi haikumfunulia mapenzi ya Mungu. Ilimtuliza mtu mwoga aliyeyajua tayari. Kwa hiyo wewe unakiomba kisa hicho kazi ambayo hakikufanya.

Amani nayo tuiangalie vizuri. Yona alikuwa akimkimbia Mungu, na katikati ya dhoruba alilala usingizi mzito ndani ya merikebu. Yesu alikuwa akimtii Baba, na Gethsemane jasho lake likawa kama matone ya damu. Ukiamua kwa utulivu wa moyo peke yake, Yona alikuwa sahihi. Utulivu unaweza kuwa zawadi ya Mungu, na unaweza kuwa mshahara mkubwa.

Kinachofaa ni kusikia. Tafuta watu watatu: anayeifanya kazi ya aina hiyo, anayejua udhaifu wako, na asiyepata wala kupoteza chochote ukiikubali. Muulize kila mmoja peke yake, na usimtegee: "huoni kwamba hii ni baraka?" si swali. Sema, "Nitajuta kwa lipi nikienda, na kwa lipi nikibaki?" Mithali 18:17 inasema wa kwanza kujitetea huonekana ana haki mpaka mwenzake aje amchunguze, basi mtafute pia mtu aliyeiacha kazi hiyo.

Kuhusu Jumapili, fanya jambo la kawaida kabla ya la kiroho: muulize mwajiri. Zamu hubadilika kwa mzunguko? Mbili kwa mwezi zinaweza kuwa huru? Jibu liwe kwenye mkataba. Kama ni Jumapili zote, taja ibada ya katikati ya wiki utakayohudhuria na mtu atakayekuuliza ukikosa. Waebrania 10:25 haitaji siku, inataja kutoacha kukusanyika. Ukiona huwezi kutaja siku wala mtu, hilo tayari ni jibu zito. Weka tarehe ya kuamua, kabla ya ile aliyokupa mwajiri, na uamuzi wako uupime kwa Yakobo 3:17: ni safi, ni wa amani, "tayari kusikiliza maneno ya watu"? Kama hukutaka mke wako aulizwe, umeshindwa kwenye hilo la tatu.

"Mlee mtoto katika njia impasayo, naye hataiacha." Nilimlea hivyo, ameiacha. Nani alikosea?

Mama, mithali hueleza jinsi mambo yaendavyo kwa kawaida. Si hati ya ahadi yenye sahihi. Kitabu hichohicho kinasema mkono mlegevu huleta umaskini (10:4), kisha kinakiri kwamba shamba la maskini laweza kutoa chakula tele na kikapotea kwa dhuluma (13:23). Wana wa Samweli walipenda rushwa. Na Mungu mwenyewe katika Isaya 1:2 anasema, "Nimewalisha watoto na kuwalea, nao wameniasi." Hakuna atakayesema alilea vibaya.

Usibadili namba yako ya simu. Mtumie ujumbe mfupi kila wiki siku ileile, usio na mstari wa Biblia wala swali la lini atarudi. Mahubiri anayakumbuka yote, ulimfundisha wewe.

Kwenye kundi la WhatsApp la kwaya kuna ndugu anayebishana kila siku. Mithali 26:4 inasema usimjibu mpumbavu, 26:5 inasema mjibu. Nifuate upi?

Mistari hiyo imewekwa bega kwa bega makusudi, ili wewe ndiye uchague. Sababu zimeandikwa humohumo. Usimjibu kama kujibu kutakufanya ufanane naye. Mjibu kama kunyamaza kutamfanya ajione mwenye hekima. Kwenye kundi, pima kwa wanaosoma: kama kuna mgeni atakayepotoshwa na alichosema, jibu mara moja, kwa sentensi mbili, kisha toka. Kama wote wanamjua, mfuate faragha, au bora zaidi umpigie, maana maandishi hayana sura wala tabasamu.

Ukishaandika jibu, liache robo saa kabla ya kulituma. Na kama tatizo ni kwamba anaanza mapema mno, Mithali 27:14 inasema ambarikiye rafiki yake kwa sauti kuu alfajiri itahesabiwa kuwa ni laana. Haikuandikwa kwa ajili ya ujumbe wa sauti wa dakika nane saa kumi na moja asubuhi, lakini inautosha.